Tiketi Ninayokurudishia

Karakana ya baiskeli,
Jumanne, mchana.

Kwa mpwa wangu, Rubani,

Hujambo mwanangu? Huko kazini wanakupokeaje? Na yale masikio uliyosema yanaziba kila ndege ikishuka, yamezoea sasa? Mimi mjomba wako ni mzima, ni goti la kushoto tu linalonikumbusha umri kila nikiinuka kwenye kigoda. Mama yako naye hajambo. Cherehani yake inalia tangu asubuhi na ninaisikia hapa kupitia ukutani. Amesema nikufikishie salamu zake mwanzoni kabisa, maana mimi nikishaanza maneno yangu, salamu za watu hupotea njiani. Basi hizo, zimefika.

Barua yako nimeipata, na tiketi iliyokuwa ndani nimeiona. Barua hiyo nimeisoma mara ishirini. Mara nne. Nimejiwekea sharti leo, mpwa wangu: kila nitakapoteleza nikaandika uongo, nitausahihisha palepale bila kuufuta, ili uuone kwa macho yako. Cheka ukitaka, lakini soma hadi mwisho. Ningeweza kukupigia simu, ila mimi na simu unatujua. Mdomo wangu ukisikia tu kuna mtu anausikiliza, unaondoka kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko. Kalamu angalau ni nzito. Mtu aliyeachia shule darasa la sita, kila neno analisukuma kwa bega, na akilisukuma anapata nafasi ya kulitazama.

Nianze na furaha. Siku uliyotuletea habari kwamba umeajiriwa kuwa rubani msaidizi, mtaa mzima ulisimama. Haukusimama mtaa mzima. Alisimama kinyozi wa jirani na wateja wake wawili, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja. Kinyozi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu asithubutu kuuita mtaa wetu mtaa wa madimbwi, huu ni mtaa wa marubani wawili, mpwa na mjomba wake. Yule wa nusu kichwa akanishika mkono, akaniita Kapteni, akasema damu haidanganyi. Mimi nikakohoa kidogo, nikajidai napuliza mpira wa baiskeli. Sikukanusha.

Usidhani nimesahau njia uliyopita. Nakumbuka daktari alivyokupima macho na masikio hadi ukamwuliza kama anakununua. Nakumbuka ulivyokaa juu ya lile benchi langu na vitabu vya mawingu na upepo, ukinieleza kwa nini ndege hukaa juu, nami nikitikisa kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi wake, na hali sikuelewa hata kidogo. Na siku ulipopaa peke yako mara ya kwanza, nilikuwa nje ya seng'enge pamoja na mama yako. Mwalimu wako alishuka, akafunga mlango, akakuachia ndege uizungushe mara moja tu urudi. Mama yako alifumba macho tangu magurudumu yalipoacha ardhi, akaniambia nimsimulie. Nikamsimulia. Nikamwambia umeinamia kushoto kwa ufundi uleule niliokufundisha mimi. Akaniambia, akiwa bado amefumba macho, ninyamaze nimwambie tu kama mtoto bado yuko juu.

Ulipotua wenzako wakakumwagia ndoo ya maji, eti ndivyo wanavyofanyiana marubani. Ukaja kwetu unachuruzika, ukanikumbatia mimi kabla ya mama yako, ukasema, Mjomba, nimetua kama wewe.

Maneno hayo ninatembea nayo hadi leo. Wakati ule niliyabeba kifuani kama nishani. Siku hizi yanakaa mahali pengine.

Sasa tuje kwenye ile hadithi. Unaijua kuliko ninavyoijua mimi, maana wewe hukuwa unaibadilisha. Kwamba mjomba wako alikuwa fundi wa ndege. Kwamba siku moja ya ukungu ndege ilikuwa angani, rubani akazimia, injini moja ikazima, na mjomba wako akaingia chumba cha marubani, akakalia kile kiti, akaishusha ile ndege na roho zote zilizokuwemo, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Wewe umekua na habari hiyo. Shuleni uliiandikia insha. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikiining'iniza baiskeli darini kwa mnyororo, nakupandisha juu yake, unashika usukani, na mimi huku chini napuliza upepo kwa pampu usoni pako nikipiga kelele kwamba rubani amezimia, rubani amezimia, nani ataokoa watu hawa? Na wewe ukijibu, mimi!

Kisha ukaenda kwenye ule usaili wa kwanza, wa ile kampuni kubwa. Mtihani wa karatasi uliupita. Kwenye ile mashine ya kuigiza safari ukapita, wakakuzimia injini na hukutetereka. Kilichobaki kilikuwa mazungumzo tu. Ulinieleza baadaye kwamba mezani walikuwa watu watano, na mmoja wao ni rubani mtu mzima mwenye baka jeupe la nywele juu ya sikio la kulia. Wakakuuliza nani alikutia hamu ya kuruka. Ukawapa hadithi ya mjomba wako, yote, kwa moyo wako wote. Yule mwenye baka akaweka kalamu chini. Akakuuliza mwaka gani. Ukataja. Ndege aina gani. Ukataja. Uwanja upi. Ukamjibu bila kupepesa, kwa sababu mimi nilikuwa nimekujazia kila kitu, hadi rangi ya soksi za rubani aliyezimia. Akakuuliza kama una hakika. Ukamwambia una hakika kama unavyolijua jina lako.

Barua yao ilikuja na mstari mmoja ulioniingia kama msumari: kwamba ufundi wako hauna kasoro, lakini hawakuridhika na ukweli wa maelezo yako, na rubani asiyesema kweli chini hawawezi kumwamini juu.

Ulikuja nayo hapa karakana, mchana kama huu. Mama yako ulimwambia tu kwamba nafasi zilijaa, hukutaka kumwumiza. Mimi ulinipa karatasi. Nilikuwa nanyoosha rimu, nina ufunguo wa njiti mkononi. Ulisimama hapo mlangoni na ukaniuliza, Mjomba, ile habari ni kweli? Niambie tu, sitakasirika.

Mpwa wangu, ulinifungulia mlango kabisa. Ulisema hutakasirika. Na mimi nikaweka ufunguo chini, nikanyanyua mkono, nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la babu yako. Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, nikakwambia yule mwenye baka jeupe ninamjua tangu zamani, ni mtu wa kijicho, alinionea wivu siku ile na sasa anakulipizia wewe. Nikaona uso wako unabadilika, unaacha kuniuliza mimi, unawakasirikia wao. Nikashusha pumzi. Nilishusha pumzi, mwanangu, mbele yako.

Ukaenda ukawaandikia barua ya kuwalalamikia kwamba wameitukana familia yako. Mimi nilikuwepo ukiiandika. Nilikuongezea maneno mawili makali. Baada ya barua hiyo, mlango wa kampuni ile haukufungwa tu, waliukomea kabisa. Ukakaa miaka mitatu. Miaka miwili na miezi minne. Na leseni yako ya urubani kwenye mkoba, ukisimama kwenye mizani ya uwanja wa ndege, unapima masanduku ya watu, unawaambia safari njema, unawatazama wakipanda. Nilikuwa nawaambia watu hapa kwamba uko kwenye mafunzo ya siri.

Kampuni hii ndogo iliyokuchukua, Mungu awabariki, hawakukuuliza nani alikutia hamu. Walitazama saa zako za kuruka na jinsi unavyoshika usukani. Nilidhani mambo yameisha, hadithi yangu itazeeka na mimi, tutazikwa wote wawili.

Ndipo ikaja barua yako. Kwamba kampuni ina jarida lile linalowekwa kwenye mfuko wa kiti cha mbele ya abiria, na mhariri wake anataka habari ya rubani wao mpya, na wewe umempa hadithi ya mjomba wako, na kwamba kinachosubiriwa ni tarehe kamili na picha yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Ukasema safari hii itaandikwa, na kila aliyekutilia shaka ataisoma. Na tiketi ya safari yako ya mwezi ujao, kiti cha mbele kabisa, ili utakaposhika kipaza sauti uwaambie abiria kwamba aliyekufundisha kutua amekaa hapa miongoni mwao.

Nilifurahi. Nakiri, nilifurahi siku nzima. Nilikwenda kwa kinyozi nikapiga picha tatu. Ulipopiga simu jioni ile kuuliza tarehe, badala ya kukwambia ukweli nikaongeza kwamba abiria walinibeba juujuu hadi langoni. Nikasikia unaandika.

Nilitaka kukuandikia hapa kwamba nimekaa nikatafakari nikaamua mwenyewe kusema. Si hivyo. Ni mama yako. Ulimtumia ile habari ya jarida aisome, na ndani yake umeandika jinsi usaili wa kwanza walivyokukatalia kwa kutomwamini mjomba wako. Hakuwa anajua. Alikuja hapa na tepu ya kupimia bado shingoni, akafunga mlango wa karakana kwa ndani, na dada yangu hajawahi kufunga mlango huo tangu nimejenga. Akasema amenifichia aibu yangu miaka ishirini na miwili kwa kuwa alidhani ni hadithi ya kumbembeleza mtoto. Hakujua kwamba mtoto ameibeba hadi kwenye meza ya watu wazima ikamkatia riziki. Nikaanza kujitetea. Akaniambia, kaka, wasomaji wa jarida hilo ni marubani, wataicheka, na atakayeitwa mwongo si wewe, wewe una baiskeli zako. Ni yule mtoto, na yuko kwenye miezi sita ya majaribio. Akasema hatakwambia yeye. Akasema mdomo uliofunga fundo ndio utakaolifungua. Akaondoka. Cherehani haikulia siku mbili.

Basi lifungue, mjomba.

Sikuwa fundi wa ndege. Nilikuwa mfagiaji wa ndege. Ndege ikishusha abiria, sisi tuliingia na mifuko na mashine za kufyonza vumbi, dakika ishirini, makombo, karatasi, vikombe, mikanda ya viti tuikunje vizuri, tutoke. Wafagiaji tulikuwa sita. Na kila ndege, wenzangu wakianza nyuma, mimi nilikimbilia chumba cha marubani kwanza, nikakalia kile kiti sekunde chache. Sikugusa kitu. Nilikaa tu. Ndiyo maana wakaniita Kapteni. Ilikuwa dhihaka, mwanangu. Nikiingia walipiga saluti kwa mifagio. Nyumbani nikaja nalo jina hilo kama cheo.

Siku hiyo haikuwa na ukungu. Jua lilikuwa kali na ndege ilikuwa imesimama, imetulia, haina injini iliyowaka. Msimamizi wetu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapenda kunitania, akaniita kutoka nyuma, Kapteni, abiria wako wamechoka, washushe basi! Wote wakacheka. Mimi nikachukua brashi nikaifanya kipaza sauti, nikatangaza kwamba mabibi na mabwana tumetua salama, hali ya hewa ni nzuri, asanteni kwa kusafiri na Kapteni. Nikauendea mlango wa nyuma, ule wa upande usio na ngazi, nikashika mpini nikauinua.

Wahudumu wa ndege ndio waliosahau kuutegua ule mlango. Hiyo ni kweli, lakini si ukweli wote. Kwenye kidirisha cha mlango kulikuwa na utepe mwekundu umekatiza, na siku ya kwanza kazini kila mfagiaji anaambiwa: ukiona utepe mwekundu, mlango usiguse, umetegwa kwa ajili ya ajali. Niliuona. Nilikuwa na watu watano wanaonicheka vizuri, na nikaona utepe, na nikainua mpini.

Ule mpira wa kuteremkia abiria wakati wa hatari ukalipuka nje kama bomu, ukajaa upepo, ukalala kuanzia mlangoni hadi kwenye lami, wa manjano, mrefu. Kicheko kilikatika. Abiria waliokuwa wakisubiri safari inayofuata walikuwa mia tatu. Themanini na wanne. Hawakusafiri siku hiyo.

Rubani akapanda ngazi mbio. Alikuwa kijana bado, lakini lile baka jeupe juu ya sikio alikuwa nalo tayari. Hakupiga kelele. Aliuliza kwanza kama kuna aliyeumia. Kisha akauliza nani amefungua mlango. Wenzangu wakatazama zulia, hakuna aliyenitaja. Nikasema, mimi. Akaniuliza kama niliuona utepe. Nikasema niliuona. Akanitazama sana, akaniambia asante kwa kusema kweli, lakini hapa hutaweza kubaki.

Huyo ndiye niliyekwambia ana kijicho. Uliponitajia baka lake, nilimjua palepale, kabla sijanyanyua mkono kuapa.

Nikarudi nyumbani saa tisa mchana na ovaroli yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yako alikuwa amekwenda kupeleka nguo za watu. Wewe ulikuwa na miaka mitano, umekaa kwenye kizingiti na kiatu kimoja. Ukaniuliza, Mjomba, mbona leo umerudi mapema? Nikafungua mdomo nikwambie nimefukuzwa. Ulikuwa unanitazama kwa namna ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunitazama. Nikakwambia, leo nimetua ndege, wameniambia niende nikapumzike. Ukauliza, peke yako? Nikasema peke yangu.

Ilianzia hapo. Sikupanga. Nilisema kweli mara moja asubuhi ile ikanikosesha kazi, nikasema uongo mara moja mchana wake nikapata mtu wa kuniona mkubwa. Mtu mwenye akili ndogo kama yangu, unadhani atashika lipi?

Nisamehe. Silisemi kwa kuwa ndiyo desturi ya barua kama hizi. Nisamehe ule mchana wa mlangoni, uliponiuliza ukiahidi hutakasirika. Hayo mengine yalikuwa upuuzi wa mtu mjinga. Ule mchana nilikuwa na akili zangu timamu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeandika humo nilichofanya kwenye ile ndege, nilichokuapia, na kwamba wewe hukujua. Nimetia sahihi, na mama yako ametia yake kama shahidi. Mpelekee mhariri, au yule mzee mwenye baka, au mkubwa wako wa kazi, au ichane. Ni yako. Na kama jarida bado linataka habari ya mjomba, iko moja iliyo ya kweli: ile baiskeli. Mnyororo bado unaning'inia darini, na alama za vidole vyako vya grisi bado ziko kwenye nguzo, sijazipaka rangi. Ulikaa juu yake tangu miaka mitano hadi tisa na hukuwahi kuanguka. Hiyo naweza kuapa, ila sitaapa tena.

Tiketi ninakurudishia. Kiti cha mbele kabisa si changu. Na liko jambo jingine ulipaswa kulijua zamani: sijawahi kusafiri kwa ndege. Nimefagia ndege nisizoweza kuhesabu, nimekalia viti vyake vyote, lakini angani sijafika hata mara moja. Hapo hakuna cha kusahihisha.

Ukiona unaweza, siku moja, si mwezi ujao, siku yoyote, nirudishie tiketi hiyo au nyingine ya kiti cha nyuma kabisa. Nitakuja, nitafunga mkanda, na nikiulizwa na jirani yangu mimi ni nani, nitamwambia natengeneza baiskeli. Usipoirudisha nitaelewa. Sitawauliza watu wa posta kila siku. Nitawauliza.

Kinyozi anakusalimu, jana nilimwambia ukweli, naye akanimalizia ndevu. Majirani wanakusalimu, wote kumi na mmoja, nimewahesabu. Mama yako anasema ule vizuri, na kwamba suruali ya kazi ikikubana kiunoni umletee aiachie. Cherehani inalia tena, unaisikia?

Ruka salama, mwanangu. Utue kama wewe.

Ni mimi mjomba wako,
Mfagiaji wa ndege mstaafu.
Aliyefukuzwa.